Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: majibu ya maabara yasilale kwenye daftari

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Jamhuri ya Uganda;
Katibu Mkuu na Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Afya;
Wakuu wa Huduma za Maabara za Taifa;
Waheshimiwa Wabunge wa Kamati ya Afya.

YAH: MAJIBU YA MAABARA NA UFUATILIAJI WA MAGONJWA YA KUAMBUKIZA

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mwanamaabara wa kituo cha afya cha ngazi ya nne huku mashariki, si mbali na mpaka wa Kenya. Nimetumia Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya dirishani kwetu, anapofika dereva wa lori lililotoka Mombasa, mama muuza samaki wa ng'ambo ya mpaka au askari aliyehamishwa kutoka kaskazini. Na nimeandika hadharani kwa kuwa jambo hili haliwezi kurekebishwa na kituo kimoja wala wilaya moja. Nchi hii hupima wagonjwa wengi mno kila siku. Hununua vitendanishi, huweka mashine, huwalipa wapanda pikipiki wa kusafirisha sampuli, kisha majibu yanayopatikana kwa gharama hiyo yote hutumika mara moja tu, kwa ajili ya mgonjwa mmoja, na baada ya hapo hulala kwenye daftari. Ninachoomba ni kwamba kila jibu la maabara linalohusu ugonjwa unaopaswa kutolewa taarifa limfikie ofisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya siku ileile linapomfikia tabibu, na kwamba wajibu wa kulifikisha uwe wa maabara yenyewe, iwe ya serikali, ya shirika la dini au ya mtu binafsi.

Naomba kwanza nieleze taarifa zinavyosafiri leo, kwa sababu wengi wenu huziona zikiwa zimeshafika kwenye skrini, na ukiwa huko juu si rahisi kujua zimepita wapi. Tabibu humwona mgonjwa na kumwandikia kipimo, sisi tunapima, na jibu huandikwa kwenye daftari la maabara na kwenye karatasi anayorudi nayo mgonjwa. Tabibu akishalisoma huandika jina la ugonjwa kwenye daftari la wagonjwa wa nje. Wiki inapokwisha, mtunza kumbukumbu hulipitia daftari hilo la tabibu, huhesabu kwa kalamu na kujaza fomu ya wiki, iitwayo 033b, ambayo huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya unaotumika nchi nzima tangu mwaka 2012. Kwa ugonjwa wa kutisha ipo njia ya haraka zaidi, ya kupiga simu au kutuma ujumbe mfupi kwenda namba 6767 kupitia mTrac, mfumo wa taarifa za afya kwa simu ulioanza mwaka 2011. Sina nia ya kuubeza mpango huu, kwani zipo nchi ambazo zingeutamani. Lakini ukiifuata safari hiyo hatua kwa hatua utaona kwamba maabara haimo: kinachohesabiwa kila wiki ni kile alichoandika tabibu, na kinachotumwa haraka hutegemea mtu fulani ashuku, akumbuke, na apate nafasi katikati ya foleni ya wagonjwa.

Anayetaka kuona kinachopotea na afungue ukurasa mmoja wa daftari la maabara. Atakuta tarehe, namba ya maabara, jina, umri, jinsia, kijiji, aina ya sampuli, kipimo, jibu na sahihi. Kwa mtu anayetafuta mlipuko, safu ya kijiji ina thamani kuliko zote, nayo ndiyo inayojazwa vibaya kuliko zote: mara imeachwa wazi, mara limeandikwa jina la mji tu, mara "Kenya", kana kwamba Kenya nzima ni kijiji kimoja. Vipimo vya malaria vimeandikwa kwa namna nne katika ukurasa uleule, "B/S", "MPS", "RDT" na "MRDT", ambapo viwili vya mwanzo ni vya hadubini na viwili vya mwisho ni vya haraka. Mwanamaabara mwenzangu ataelewa mara moja, kompyuta haitaelewa kamwe. Tarehe ya kuanza kuugua haimo kabisa. Hata hivyo, pamoja na mapungufu yote hayo, ukurasa huo una habari nyingi kuliko fomu ya wiki, ambako kila kitu hicho kinayeyuka na kuwa tarakimu moja, 3 kwa mfano. Tarakimu hiyo haiwezi kukuambia kama watu hao watatu wanachota maji katika kisima kimoja.

Upo ugonjwa ambao tumeufanyia vizuri zaidi, nao ni malaria. Fomu ya wiki haiulizi wagonjwa peke yao, bali huuliza pia waliopimwa ni wangapi na waliokutwa na vimelea ni wangapi, na kwa hiyo ofisi ya wilaya inaweza kutambua kama malaria imepanda kweli au ni vipimo tu vilivyoongezeka baada ya shehena mpya kufika. Kwa kipindupindu, homa ya uti wa mgongo au surua hatuna hesabu ya namna hiyo inayofika wilayani kila wiki. Sifuri ya kituo kilichopima kinyesi cha watu ishirini na sifuri ya kituo ambacho hakina hata kipimo kimoja stoo huonekana sawasawa kwenye skrini, nami nimewahi kukaa kikaoni nikisikia zote mbili zikipongezwa.

Ndiyo maana naomba majibu hasi nayo yatumwe. Najua kuna watakaosema ni kuujaza mfumo takataka. Tuangalie wilaya ya Mubende. Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa tarehe 20 Septemba 2022, baada ya sampuli ya kijana wa miaka 24 kuthibitishwa katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi, Entebbe. Kijana huyo alikuwa ameshapita katika kliniki kadhaa kabla ya kulazwa, na wachunguzi walipoanza kuuliza vijijini waliambiwa kwamba katika magombolola, yaani maeneo madogo ndani ya wilaya, ya Madudu na Kiruma kulikuwa na watu waliokufa kwa ugonjwa usiojulikana mwanzoni mwa mwezi huo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 11 Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuupata, na 55 kati yao wamekufa.

Sisemi kwamba maabara ya kijijini ingeitambua Ebola. Kipimo chake hakiko kwetu na si salama kiwe kwetu. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye homa kali hupimwa malaria kwanza, karibu kila mahali nchini, na jibu likiwa hasi hurudishwa kwa tabibu na kusahauliwa. Homa kali zisizo malaria zikijirudia katika gombolola moja ndani ya wiki moja, kutoka kliniki tatu zisizojuana, hakuna mtu mmoja anayeweza kuziona, ila zikitumwa mahali pamoja mfumo unaweza kuzijumlisha na kumwamsha ofisa wa wilaya kabla yeyote hajataja jina la ugonjwa. Mara nyingi itakuwa homa ya kawaida, na ofisa atakuwa amepiga simu ya bure. Januari 2025 Ebola ilipothibitishwa Kampala, mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa muuguzi aliyetafuta matibabu katika vituo kadhaa, hadi Mbale, na uthibitisho ulitokana na sampuli zilizochukuliwa baada ya kufa kwake. Kila mahali mgonjwa wa namna hiyo anapopita huacha mstari kwenye daftari la mtu, na mistari hiyo haikutani.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wenzangu wa maabara huenda wasilipende. Kutuma majibu bila kutaja njia iliyotumika kunaweza kuharibu kuliko kusaidia. Mfano ulio wazi ni homa ya matumbo. Kipimo cha Widal kinapatikana kila kona ya miji yetu, ni rahisi, kina soko, na hakiaminiki: mtu aliyewahi kuugua zamani, aliyechanjwa, au mwenye maambukizi mengine anaweza kuonekana anayo homa ya matumbo ilhali hana. Kipimo cha kuotesha vimelea kutoka kwenye damu ndicho cha kutegemewa, nacho huchukua siku kadhaa na hupatikana mahali pachache. Katika mlipuko wa Kampala wa mwaka 2015, uliotokana na maji machafu na vinywaji vya mitaani, walioshukiwa kuugua walizidi 10,000, na waliothibitishwa kwa kuotesha walikuwa sehemu ndogo sana ya hao. Tukianza kurusha kila "Widal chanya" kwenda wilayani, mfumo utapiga kelele kila siku hadi watu wazime simu. Kwa hiyo kila jibu libebe aina ya sampuli, njia ya kipimo na tarehe ya kuchukuliwa kwa sampuli, na vipimo vipewe majina ya aina moja nchi nzima. Ipo orodha ya kimataifa ya misimbo ya vipimo iitwayo LOINC inayotumiwa kwa kazi hiyo, na si lazima tuianze yote; misimbo michache ya magonjwa ya kutolewa taarifa inatosha kwa kuanzia.

Vilevile mfumo ukubali kwamba jibu la maabara hukua. Maji ya uti wa mgongo yakiletwa kwetu, ndani ya muda mfupi naweza kuyapaka rangi ya Gram, inayotofautisha aina za bakteria, na kuona chini ya hadubini bakteria wawiliwawili wenye umbo la kunde, waliochukua rangi nyekundu. Sijathibitisha chochote bado, ila mtu wa ufuatiliaji anapaswa kujua saa hiyohiyo, hasa kaskazini mwa nchi yetu ambako ukanda wa Afrika wa homa ya uti wa mgongo unapita. Kesho yake, au siku mbili baadaye, bakteria wakiota, jibu linabadilika kuwa la uhakika. Maabara ya rufaa nayo ikishapima, linapata jina la kundi la bakteria, ambalo ndilo linaloamua chanjo ipi itumike. Hayo ni majibu matatu ya mgonjwa mmoja. Mfumo usiojua hilo utahesabu wagonjwa watatu, na mfumo unaosubiri la mwisho utakuwa umepoteza siku ambazo chanjo ingeweza kuokoa watu. Kipindupindu ni hivyohivyo: kipimo cha haraka leo, kisha sampuli kwenye chombo cha Cary-Blair, kinachohifadhi vimelea njiani, kwenda kuoteshwa. Kinachohitajika ni namba moja ya mgonjwa inayofuata majibu yake yote, na alama ya kuonyesha kama jibu ni la awali, la mwisho, au limesahihishwa.

Si mambo mageni kwetu, na hilo ndilo linalonipa ujasiri wa kuandika. Tangu mwaka 2010 Uganda ilianza kujenga mtandao wa vituo vikuu vya sampuli, ambako mpanda pikipiki huzungukia vituo vidogo vya jirani na kupeleka mzigo wake hadi sampuli zifike kwenye Maabara Kuu za Afya ya Jamii, Butabika. Mtandao huo ulianza na damu za watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye VVU, ukachukua vipimo vya wingi wa virusi, kisha kifua kikuu na sampuli za milipuko. Kwa VVU, majibu hayo yanarudi kwa njia ya mtandao na yanaweza kutazamwa kwa wilaya na kwa kituo. Mashine za GeneXpert, zinazotumika kupima kifua kikuu, nazo zina uwezo wa kutuma majibu zenyewe bila mtu kunakili chochote. Tulipotaka kujua mtoto yupi anahitaji dawa, tuliweza. Nashindwa kuelewa kwa nini chupa ya kinyesi cha mgonjwa anayeshukiwa kipindupindu, iliyopanda pikipiki ileile na kupita barabara ileile, habari zake zisubiri kalamu na hesabu ya mwisho wa wiki.

Wenzetu walishapima faida ya jambo hili. Huko Hawaii, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulilinganisha taarifa zilizotumwa na kompyuta za maabara moja kwa moja na zile zilizotumwa kwa njia ya kawaida ya karatasi na simu, ukakuta kwamba za kompyuta zilikuwa nyingi kwa mara 2.3 na zilifika mapema kwa wastani wa siku 3.8. Karibu na nyumbani, Afrika Kusini mwaka 2017, madaktari wa watoto wachanga waliposema wanaona maambukizi mengi ya listeria, bakteria wa kwenye chakula, kuliko kawaida, taasisi ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza iliyatazama majibu ya maabara za umma na za binafsi, ikaona kwamba ongezeko ni la kweli na ni la nchi nzima. Ugonjwa huo wakati ule haukuwa hata kwenye orodha ya magonjwa ya kutolewa taarifa. Uliingizwa Desemba mwaka huo. Machi 2018 chanzo kilitajwa, soseji za aina ya poloni, na hadi mlipuko unakwisha wagonjwa waliothibitishwa na maabara walikuwa 1,060. Bila majibu yaliyokuwa yamehifadhiwa mahali pamoja, kila hospitali ingebaki na watoto wake wawili watatu na huzuni yake.

Nimetaja maabara za binafsi, na hapo pana ugumu mkubwa kuliko wote. Sehemu kubwa ya watu wetu, wakianza kuumwa, huenda kwanza kwenye duka la dawa au kliniki ya jirani. Kliniki moja ya mjini kwetu, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeshapata majibu chanya ya kipimo cha haraka cha kipindupindu kabla mgonjwa wa kwanza hajaletwa kwetu kwa machela. Mhudumu wake alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwa unyenyekevu kabisa kwamba hakujua ampigie nani, na kwamba aliogopa watakuja kumfungia. Mficha maradhi kifo humfichua, lakini tukubali kwamba hofu yake ya pili ilikuwa na msingi. Serikali hufika kwenye kliniki ya namna hiyo kwa ajili ya leseni na kodi, mara chache kwa jambo jingine. Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi ndilo linalozipa maabara hizo leseni, na hivyo ndilo lenye nafasi nzuri ya kuweka sharti kwamba leseni haihuishwi bila maabara kuonyesha kwamba ilituma taarifa mwaka uliopita, zikiwemo taarifa za sifuri. Pamoja na sharti hilo iwepo ahadi iliyoandikwa kwamba anayetoa taarifa kwa wakati hatafungiwa kwa sababu ya taarifa yenyewe. Wanaodhani maabara za binafsi hazina cha kuchangia wakumbuke kwamba kirusi cha korona aina ya Omicron kiligunduliwa Novemba 2021 baada ya maabara ya binafsi ya Afrika Kusini kuona jambo lisilo la kawaida katika majibu yake ya PCR, kipimo cha vinasaba vya kirusi, na kusema.

Kuhusu mpaka nitasema kwa uchungu kidogo. Mwaka 2020 malori yalipopanga foleni ndefu Malaba na Busia yakisubiri majibu ya korona, mataifa ya Afrika Mashariki yalitengeneza mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ambao ulibeba majibu ya vipimo vya dereva kutoka nchi moja hadi nyingine ili cheti chake kitambulike anakokwenda. Maabara zinazotembea za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo zikagawiwa mipakani. Basi ilionekana wazi kwamba jibu la maabara linaweza kuvuka mpaka likiwa halali, salama na kwa haraka, mradi kuna shehena inayosubiri. Leo nikipata jibu la kipindupindu la mtu anayelala ng'ambo, namna yangu ya kumjulisha mwenzangu wa upande wa Kenya ni kumtumia ujumbe wa WhatsApp kama rafiki. Anajibu, na mara nyingi huwa amefika kwa mgonjwa siku hiyohiyo, lakini siku mmoja wetu akihamishwa njia hiyo itakufa. Mpox, yaani ndui ya nyani, nayo ilithibitishwa kwetu mwaka 2024 kwa mara ya kwanza huko Kasese, wilaya iliyo mpakani na Kongo. Itifaki ya wilaya kwa wilaya, inayosema nani amwambie nani na kwa saa ngapi, haihitaji mkutano wa marais.

Magonjwa ya wanyama nayataja kwa kifupi, si kwa kuwa ni madogo, bali kwa kuwa yako chini ya wizara nyingine. Homa ya Bonde la Ufa iliyoonekana Kabale mwaka 2016 na kimeta kilichowaua watu Kyotera mwaka 2023 vyote hupita kwa mifugo. Jibu chanya la ng'ombe katika maabara ya wanyama ya Entebbe limfikie ofisa wa afya wa wilaya kama linavyomfikia daktari wa mifugo, na kinyume chake.

Nafahamu mtauliza fedha. Mtandao wa sampuli umejengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za Marekani za kupambana na UKIMWI, na Januari 2025 serikali ya nchi hiyo iliposimamisha misaada yake ya nje, tangazo hilo lilikuja siku kumi tu kabla ya tangazo la Ebola ya Kampala. Sijui funzo kubwa kuliko hilo kuhusu kutegemea mfuko wa mtu mwingine. Ninachoomba si ghali kama kujenga maabara mpya. Vifaa vingi vipo. Kinachokosekana ni kompyuta moja inayofanya kazi kwenye chumba cha maabara badala ya ofisi ya mhasibu, umeme wa jua wa kuiendesha, bando la intaneti linalolipwa kwenye bajeti ya wilaya badala ya mfukoni kwa mtumishi, na mtu mmoja kwa kila wilaya ambaye kazi yake iliyoandikwa ni kuyasoma majibu kila asubuhi. Na tafadhali sana, tusipewe fomu nyingine juu ya zilizopo. Mwanamaabara aliye peke yake zamu nzima akitakiwa kuandika jibu lilelile kwenye daftari, kwenye karatasi, kwenye kompyuta ya mradi huu na kwenye simu ya mradi ule, ataacha moja, na ataacha lile lisilokuja kukaguliwa.

Usiri wa mgonjwa nao uwekewe misingi kabla ya kuanza, isiwe baada ya kashfa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na inafaa itumike hapa kwa ukamilifu. Jina na namba ya simu vibaki kwa wale wanaolazimika kumtafuta mtu huyo, yaani kituo na timu ya wilaya; wanaotazama kutoka Kampala wanahitaji umri, jinsia, kijiji na msimbo. Tumeona jinsi manusura wa Ebola walivyokimbiwa na majirani zao, na mgonjwa akiamini kwamba damu yake itamtangaza, ataficha kijiji chake, na tutarudi kwenye safu iliyo wazi. Sheria ya Afya ya Jamii, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1935, itungiwe kanuni zinazotamka bila utata kwamba mwenye maabara ana wajibu wake mwenyewe wa kutoa taarifa, tofauti na ule wa daktari, na kwamba anayetimiza wajibu huo kwa nia njema analindwa.

Uganda ni miongoni mwa nchi za mwanzo kutumia lengo la 7-1-7, yaani kugundua mlipuko ndani ya siku 7, kutoa taarifa ndani ya siku 1 na kukamilisha hatua za mwanzo za kuukabili ndani ya siku 7. Kwa maoni yangu tunajipima vizuri zaidi katika ile siku moja na zile saba za mwisho kuliko katika saba za mwanzo, kwa sababu siku za mwanzo hazina mwenyewe: mlipuko haujatajwa, kamati haijaitwa, posho haijatoka. Zinaishia kwenye benchi la maabara na kwenye kliniki za uchochoroni. Pendekezo langu ni kuanza na magonjwa machache, kipindupindu, homa ya uti wa mgongo, surua, kimeta na homa za kutoka damu kama Ebola, katika wilaya za mpakani kama Busia, Tororo, Kasese na Arua, kwa mwaka mmoja, na kupima jambo moja: siku ngapi hupita kati ya sampuli kuchukuliwa na ofisa wa wilaya kujua. Matokeo yachapishwe yakiwa mazuri au mabaya.

Ombi la mwisho linahusu kurudi kwa habari. Tunatuma sampuli za surua Entebbe, tunatuma vinyesi na maji ya uti wa mgongo kwenye maabara za rufaa, na mara nyingi majibu hufika baada ya mtoto kupona au kuzikwa, ama hayafiki kituoni kabisa. Mtumishi ambaye hajawahi kuambiwa sampuli yake ilionyesha nini hupunguza bidii ya kutuma nyingine, na si rahisi kumlaumu. Kwa hiyo kila taarifa inayopanda kutoka kituoni irudishiwe neno, hata la mstari mmoja, likisema imepokelewa, imeonekana hivi, na fulani ameshakwenda kijijini. Na kwa kuwa hii ni barua, nami nasubiri neno: naomba Wizara ijibu kwa maandishi ni ofisi gani itakayosimamia jambo hili, na lini wilaya ya kwanza itaanza.

Wenu katika utumishi wa umma,

Mwanamaabara wa mpakani,
Mashariki mwa Uganda